Idhini Ilikuja Jumatatu

"Hapa wanauliza tarehe ya kuondoka Kenya, Shangazi. Tuandike lini?"

Nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba ya Ami, Kibokoni, Mombasa, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Ndani wanawake walikuwa wamekwisha kuanza Yasini. Vijana walikuwa wakishusha viti vya kukodi kutoka kwenye mkokoteni, na kila mara mmoja wao ananiuliza turubai lifungwe wapi, nami namwashiria kwa kidevu. Upande wa pili wa simu, Maskati, alikuwa shangazi yangu, ambaye muda si mrefu alikuwa ameambiwa kwamba kaka yake amefariki.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mtu akienda msibani hujua siku ya kutoka?"

Tukakubaliana wiki mbili, kwa sababu fomu ya mtandaoni ya idhini ya kusafiri kuja Kenya haikubali kuachwa wazi.

Hayo yamepita kitambo sasa. Nimeanza kuyaandika mara nyingi nikaacha, maana kila nilipoanza makala iligeuka kuwa malalamiko, na mimi sina wa kumlalamikia. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Sina wa kumlalamikia.

Mwaliko wa nyumba aliyozaliwa

Mimi ndiye karani wa ukoo. Siku hizi kila familia inaye mmoja, yule anayejaza fomu za chuo za watoto, anayefufua nywila za wazee, anayejua pasi ya nani inakwisha mwezi gani. Kwa hiyo simu ile ilikuja kwangu kabla hata haijafika kwa imamu.

Pasipoti ilipigwa picha Maskati, ikaja na mwanga wa taa umeziba jina. Ikapigwa tena. Halafu fomu ikataka picha ya uso wake. Mjukuu akamsimamisha mbele ya ukuta mweupe, akamwomba asilie kwa dakika moja. Picha ninayo bado kwenye simu. Macho yamevimba, ushungi umerudishwa nyuma ili masikio na paji vionekane, na uso umejikaza.

Ikaja sehemu ya kueleza atafikia wapi, na uthibitisho wake. Mtalii huweka hapo karatasi ya hoteli. Mimi nikaandika barua ya mwaliko. Nikaandika kwamba namkaribisha Bi fulani, raia wa Oman, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, na kwamba nitawajibika kwa malazi yake. Chumba cha juu nilichokuwa namkaribishia ndicho alichozaliwa. Kitovu chake kimezikwa uani, chini ya mkungu uliokatwa kabla mimi sijazaliwa. Nilizaliwa yeye akiwa ameshaolewa Maskati, katika ile miaka baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na Waomani waliotawanyika ng'ambo wakaanza kurudi, Kiswahili chao kinywani. Kwa kila hesabu, mgeni wa nyumba ile ni mimi. Lakini kitambulisho cha Kenya ninacho mimi.

Malipo ni dola 30, kwa kadi. Kadi ilikuwa ya mwanawe, msimbo wa benki ukaenda kwenye simu ya mwanawe, na mwanawe alikuwa Salalah amelala. Tulimwamsha.

Ombi likatumwa saa nne na kitu usiku. Ukurasa ukatuarifu kwamba kwa kawaida majibu huchukua hadi siku tatu za kazi.

Ilikuwa Alhamisi.

Wazee walikubali Alasiri

Wasomaji wangu wengi mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda kwetu. Maiti haimsubiri mtu. Ami alifariki Magharibi, na hata kabla ya Isha ilikuwa imekwisha kuamuliwa: azikwe kesho baada ya sala ya Ijumaa, apate wingi wa watu.

Nikamwendea mzee mmoja wa msikiti, nikamwambia dada yake yuko Maskati na anatafuta njia. Mzee akafikiri. Akauliza ndege inaingia saa ngapi. Nilikuwa nimeshaangalia. Ilikuwepo ya alfajiri ya kupitia Nairobi, ambayo kama kila kitu kingekwenda sawa ingemfikisha Mombasa mchana uliosogea. Mzee akasema, "Tutamswalia Alasiri basi. Zaidi ya hapo usiniombe."

Sikumwomba zaidi. Wala shangazi hakutaka zaidi. Yeye mwenyewe ni mtu wa dini, na angekuwa wa kwanza kutukemea kama tungemweka kaka yake barafuni kwa ajili yake. Alichokitaka ni kidogo sana. Wanawake wetu hawaendi makaburini. Wao humtazama marehemu nyumbani, uso ukiwa bado haujafunikwa, kisha wanaume wanakuja na jeneza, linatolewa, basi. Shangazi alitaka huko kumtazama tu. Dakika chache sebuleni.

Alikaa usiku kucha na sanduku lake mlangoni, akifungua barua pepe.

Nimewahi kujiambia kwamba hata angepewa idhini papo hapo pengine asingewahi. Ndege huchelewa. Foleni za Nairobi kwa abiria wanaobadilisha ndege si mchezo. Kisha jua la Mombasa, kivuko hakimo njiani lakini magari yamo. Nimeipiga hesabu hiyo kila namna, na kila nikiipiga inatoka tofauti. Kuna siku shangazi anafika saa tisa na nusu, anaingia na viatu mkononi. Kuna siku anakuta viti vimeshakunjwa.

Lakini hesabu hiyo angeipigia angani, akiwa ameshajaribu. Hakupewa nafasi ya kuchelewa.

Idhini ilikuja Jumatatu asubuhi, ndani ya muda ulioahidiwa.

Hakuna aliyekosea

Nataka niwe mwadilifu hapa. Mfumo ulifanya hasa ulichosema utafanya. Alhamisi usiku ofisi zimefungwa, Ijumaa ni siku moja ya kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, na Jumatatu asubuhi jibu limetoka. Tuliojaza fomu hatukukosea herufi. Waliopitia ombi hawakulilalia. Shirika la ndege halikumkataza kupanda, kwa sababu hakwenda hata uwanjani. Anajua utaratibu.

Utaratibu huu una historia fupi. Mwaka 2015 Kenya ilianza viza ya mtandaoni, lakini aliyetaka bado aliweza kutua na kulipia kaunta. Januari 2021 njia ya kaunta ikafungwa. Kisha siku ya Jamhuri, 12 Desemba 2023, Rais William Ruto akatangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni wa kubeba mzigo wa kuomba viza ya kuja Kenya. Watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimtumia shangazi ile video nikaandika chini yake: "Sasa ni kuja tu!"

Mahali pa viza pakawekwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki, kwa kila msafiri, hata mtoto mchanga, isipokuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wachache wengine. Kuna mataifa ambayo raia wao walikuwa wakiingia Kenya bila kuulizwa kitu, na ghafla wakajikuta na fomu ya kujaza na dola za kulipa. Ripoti ya uwazi wa viza barani Afrika, ile inayotolewa na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Umoja wa Afrika, iliishusha Kenya mwaka 2024 kutoka nafasi ya 29 hadi ya 46. Nchi iliyotangaza kufungua mlango ikaporomoka ngazi 17 katika orodha ya wanaofungua milango.

Serikali ilisikia. Januari 2025 baraza la mawaziri likaridhia kuwaondolea Waafrika sharti hilo, isipokuwa raia wa Somalia na Libya, kwa sababu za usalama, na katikati ya mwaka huohuo utekelezaji ukaanza. Kwa hiyo jamaa zetu wa Ngazija wanakuja bila fomu. Wa Msumbiji vilevile. Waliobaki nje ya msamaha ni watu wa mbali, kwa maana ya ramani. Ramani inahesabu Maskati kuwa mbali.

London kabla ya Mombasa

Mwanawe shangazi, yule wa Salalah, alisema jambo katika matanga ambalo lilinikaa. Alilisema kwa mzaha, akiwa ameshika kikombe cha kahawa, na sidhani kama anakumbuka.

"Mama ana ruhusa ya kwenda London muda wowote apendao. Ni Mombasa tu ndiyo inayotaka kujua anatoka lini."

Nikaenda kuangalia, nikakuta ni kweli. Uingereza ilianzisha idhini yake kwa raia wa Qatar Novemba 2023, na Februari 2024 ikawafikia wenzao wa Ghuba, Oman ikiwemo. Ilianza kwa pauni 10, ikapanda hadi pauni 16 mwezi Aprili 2025. Unajaza kwenye simu, na ukishapewa inadumu miaka 2, au mpaka pasi iishe, unaingia na kutoka utakavyo, kila safari hadi miezi 6. Shangazi alikuwa nayo kwa ajili ya binti yake anayeishi huko. Ya Kenya kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, na baada ya siku 90 tangu kutolewa haifai tena.

Sasa, nisije nikaonekana naisifu London. Mimi, mpwa wa bibi huyohuyo, nikitaka kwenda harusi ya binamu yangu huko, siangukii kwenye idhini hiyo ya kujaza kwenye simu. Naanguka kwenye viza: alama za vidole, taarifa za benki, barua ya mwajiri, ada inayozidi pauni 100, na kusubiri. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania haulizwi kama ana idhini ya kielektroniki, kwa sababu hajafikia daraja hilo. Na nikitaka kwenda kwa shangazi mwenyewe Maskati, naomba viza mtandaoni kama wengine.

Utaratibu wenyewe si mgeni duniani. Australia ndiyo iliyoanza, mwaka 1996, ikijiandaa kwa Olimpiki ya Sydney ya 2000. Marekani ikaufanya kuwa lazima Januari 2009 kwa mataifa yasiyohitaji viza. Ada yake iliyoanza dola 14 ilipandishwa hadi dola 40 mwezi Septemba 2025. Kanada ikafuata 2016, kwa dola 7 za kwao. Ulaya inajiandaa na ya kwake, na ada iliyotangazwa kuwa euro 7 imeshapandishwa hadi 20 kabla msafiri wa kwanza hajalipa. Ada hizi hazijui kushuka.

Marekani na Kanada idhini iliwekwa kwa wale ambao hapo awali walikuwa wanaingia bila viza, kuwachuja kidogo. Viza ikabaki kwa wengine. Kenya ilifanya jambo jingine: iliondoa viza kwa wote, ikawaweka wote kwenye chujio moja, Mjerumani wa Diani na bibi wa Kibokoni.

Nilipofika hapa katika kufikiri, wiki kadhaa baada ya matanga, nilidhani nimepata makala yangu. Usawa usio na macho, nikaandika juu ya ukurasa. Siku mbili baadaye nikaufuta.

Mtu wa kaunta

Niliufuta kwa sababu ya kumbukumbu mbili.

Ya kwanza naipenda. Miaka ya nyuma, kabla ya haya yote, nilikwenda kumpokea shangazi uwanjani. Alichelewa kutoka, nikaanza kuingiwa na wasiwasi, kisha nikamwona anakuja anacheka peke yake. Afisa wa kaunta alikuwa ameifungua pasi yake, akaona mahali pa kuzaliwa, akainua macho. "Bi, Mombasa mtaa gani?" Akamtajia. "Kwa kina nani?" Akamtajia. Ikawa ni maulizo ya nani kamuoa nani, na yule kijana akawa anamjua mtoto wa jirani. Akagonga muhuri, akamwambia, "Karibu nyumbani." Foleni nyuma yake ilikuwa imenuna.

Tangu msiba ule nimekuwa nikimtafuta yule afisa katika ile fomu. Ijumaa ile, kama angekuwepo kaunta na shangazi akatua bila karatasi, angemwangalia usoni akajua. Msiba una uso. Angeuliza, "Umefiwa na nani?" Angempeleka kwa mkubwa wake, wangemlipisha, wangemwandikia chochote, na angetoka.

Lakini kumbukumbu ya pili inakataa kukaa kimya. Rafiki yangu mmoja, Mkongo, msomi, mtu wa heshima zake, alitua uwanja fulani wa ukanda huu katika miaka hiyohiyo ya kaunta. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Mtu wa kaunta alimwangalia usoni pia. Akamweka pembeni mpaka ndege nyingine mbili zikaingia na watu wake wakatoka, kisha akamwuliza kama hana chochote cha chai. Uso wa rafiki yangu ulisomwa kama ulivyosomwa wa shangazi, ukapatikana na maana nyingine.

Kaunta yenye macho huona vyote viwili.

Binamu yangu anayeendesha magari ya watalii kusini mwa Pwani alinisikiliza nikitoa hoja yangu ya mtu wa kaunta, akatikisa kichwa. Aliniambia nimesahau foleni za Desemba, wageni wenye watoto wanaolia, mashine ya kadi iliyokufa, watu wanaoombwa noti za dola zisizokunjwa wala zisizo za zamani. "Mgeni wangu sasa anatua na karatasi yake, anaangaliwa, anapita. Hakuna wa kumzungusha." Nikamwambia mgeni wako alipanga safari tangu miezi sita. Akasema, "Basi shida yako ni kifo, si fomu."

Sikuwa na jibu. Nililipata nikiwa nimelala, kama kawaida ya majibu. Hakuna mlango ulioko mjini petu uliojengwa kwa ajili ya wenye miadi peke yao. Hospitali ina foleni ya miadi na ina mlango wa dharura, na hakuna anayesema mlango wa dharura unawaonea wa foleni. Fomu tuliyoijaza sisi haikutuonyesha ila foleni moja, na inamtaka mtu awe na hoteli, tarehe ya kurudi na siku tatu za kazi. Imemchora msafiri, na msafiri iliyemchora anakuja kuona tembo.

Tembo tunawataka, na wanaokuja kuwaona tunawataka zaidi. Nusu ya vijana wa mtaa wetu wanakula kwa hao. Nasema tu kwamba kuna msafiri mwingine ambaye pwani hii ilimjua karne nyingi kabla ya yule, anayekuja na kaskazi na kurudi na kusi, na ambaye hakuja kuangalia kitu. Amekuja kwao.

Mpaka uko Maskati

Kuna jambo wengi hawalioni mpaka liwakute. Anayekuzuia usiingie Kenya siku hizi si Mkenya. Ni kijana wa kaunta ya shirika la ndege, katika uwanja wa nchi nyingine, anayetazama skrini. Shirika likimpakia abiria asiye na idhini, litatozwa faini na litamrudisha kwa gharama zake. Kwa hiyo yule kijana hana ruhusa ya kukuhurumia. Hata akiwa Mswahili kama wewe, na Maskati wapo wengi, hana kitufe cha huruma cha kubonyeza.

Mahali hapo hapana afisa wa uhamiaji wa kumsihi, wala balozi aliyekesha. Mpaka wa Kenya upo pale, kilomita maelfu kutoka Kenya, na nyuma yake hakuna Mkenya hata mmoja.

Ndiyo maana shangazi hakwenda uwanjani. Angemsihi nani?

Wa Barawa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu sijamaliza kuifikiri. Msibani alikuwepo bibi mmoja wa Kibarawa, aliyezaliwa kule Barawa, pwani ya Somalia, anayezungumza Chimini, lugha ya kwao, na mabinti zake na Kiswahili cha mjini na sisi. Alinisikiliza nikimweleza mtu habari ya idhini na Oman, akasema taratibu, "Nyinyi mmengoja Jumatatu tu."

Somalia iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Raia wa Jumuiya hawahitaji idhini. Raia wa Somalia wanaihitaji. Na Wabajuni wa Kismayu ni ndugu wa Wabajuni wa Lamu, jahazi moja, samaki mmoja, majina yaleyale. Sababu za usalama zipo, sizibezi. Tumezika watu huku pia. Lakini tangu aliponiambia vile siwezi kusimulia kisa cha shangazi bila kusikia sauti yake mwishoni.

Kabla sijasahau

Kwa wale mtakaofungua fomu hizi kwa haraka, usiku, mkiwa na machozi: tazameni mwisho wa anwani. Usiku ule binamu mmoja aliyetaka kusaidia alituma kiungo alichokikuta juu kabisa kwenye utafutaji. Ukurasa mzuri, bendera ya Kenya, picha ya simba, na bei iliyokaribia mara tatu ya ile ya serikali. Si wote hawa ni matapeli kamili. Wengine huchukua fedha na kweli wanakujazia fomu ileile, kwa ujira wao. Ya serikali ya Kenya inaishia na go.ke, ya Tanzania go.tz, ya Uingereza gov.uk, ya Marekani gov. Ikiishia na kingine chochote, funga.

Na kwa waliozaliwa Kenya wakachukua uraia mwingine: Katiba ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akiwa na pasi nyingine, na aliyeupoteza uraia huo zamani ana haki ya kuomba kurudishiwa. Ukishakuwa na pasi ya Kenya, fomu hii haikuhusu. Shangazi analijua hilo. Upande wa Oman ndio usiotaka raia mwenye nchi mbili, na wanawe wengi, nyumba yake na kaburi la mumewe viko kule. Ameshachagua, na mimi si wa kumchagulia tena.

Idhini ya akiba

Wazo lilitoka kwa mjukuu, yule aliyepiga picha. Alikuwa ameshaona mwanya. Unaweza kuomba hadi miezi mitatu kabla ya safari, na ukipewa unaweza kuitumia ndani ya siku 90. Basi bibi awe anaomba kila inapokwisha. Dola 30 kila robo ya mwaka. Likitokea la kutokea, anakwenda uwanjani moja kwa moja.

Likitokea la kutokea. Wote tuliokuwa kwenye simu ile ya kundi tulijua anazungumzia nani. Amebaki Shangazi Mkubwa, dada yao wa kwanza, yupo palepale Kibokoni, sukari imemla mguu, na tangu Ami aondoke hapandi tena ghorofani.

Nilikuwa upande wa mjukuu. Ni busara, na fedha zipo. Nikamfungulia shangazi fomu jioni moja nikaanza kuijaza. Tulifika kwenye tarehe ya kuwasili.

Akaniuliza, "Hiyo ni tarehe ya nini?"

Nikasema ni ya kubuni tu, Shangazi, tunaweza kuweka yoyote.

"Ya kubuni ya nini?"

Nikanyamaza.

"Unanitaka nikae Maskati nikiwa nimemlipia dada yangu tiketi ya kufa? Kila miezi mitatu nimhuishie?" Hakupandisha sauti. "Funga hiyo kitu."

Nikaifunga. Nilikasirika kidogo, nakiri, kwa sababu hoja yake haikuwa na jibu la hesabu na yangu ilikuwa nalo. Mjukuu naye alikuja kuniambia faragha kwamba angeweza kuijaza mwenyewe bila bibi kujua. Picha anayo, pasi anayo, kadi anaijua. Nilikataa, ingawa zipo siku najiuliza kama nilikataa kwa adabu au kwa woga wa kuulizwa.

Kisha mwezi uliopita akapiga mwenyewe. Alitaka nijaze fomu, ya kweli, yenye tarehe ya kweli. Anakuja Mfungo Sita, apate maulidi, na akae na dada yake. Alisema amechoka kuwa mtu wa kuja kuzika. Ameuliza kama chumba cha chini kina feni, maana juu hatapanda kama mwenzake hapandi.

Ombi nimelituma. Barua ya mwaliko safari hii ameiandika Shangazi Mkubwa mwenyewe, kwa mkono, na hati yake ya madrasa. Kwenye tarehe ya kuondoka shangazi alitaka tuweke ya mwisho kabisa inayoruhusiwa, siku 90. Wanawe wanasema ni nyingi mno kwa mtu wa umri wake, na dawa zake je, na nani atamwangalia mjukuu mchanga anayetarajiwa. Kwenye kundi la familia wanabishana tangu juzi. Mimi nimeshabonyeza kutuma, na tarehe ni ile aliyoitaka yeye.